Mieleka ya PS2: Kasulu na Kibondo Hawajachelewa

Kijana akirudi Kasulu likizo kutoka Dar es Salaam au Mwanza, akachungulia kibanda cha gemu, swali lake huwa moja: "Yaani nyie bado mnacheza hii?" Anachokishangaa ni PlayStation 2, televisheni ya kichogo, pedi mbili zilizozungushiwa solotepu, na kwenye skrini Brock Lesnar akiwa amembeba Undertaker mabegani. Anacheka, anasimulia PS5 aliyoiona kwa rafiki yake, kisha anaaga. Waliobaki ndani wanaona haya kana kwamba wamefumaniwa.

Hawana la kuonea haya. Aliyekosea ni mgeni wao, na anakosea pamoja na watu wengi wanaoamini kwamba gemu jipya ndilo zuri, na la zamani huchezwa na asiye na uwezo wa kununua jipya. Kwa gemu za mpira, ambako wachezaji huhama timu kila msimu, imani hiyo inaweza kutetewa. Kwa mieleka haina pa kusimama.

Gemu linalobishaniwa hapa ni WWE SmackDown! Here Comes the Pain. Lilitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Yuke's, likatolewa na THQ ya Marekani Oktoba 2003, kwa PlayStation 2 peke yake. Mitaani hakuna mwenye muda wa kulitaja jina lote; ni Smackdown tu, inatosha.

Anayelirudia leo, hata kama hajalishika kwa miaka mingi, anagundua mapema kwamba watengenezaji walikuwa wamefikiri sana. Kumkamata mpinzani kuna njia nne: kwa nguvu, kwa kasi, kwa kumbana viungo, au kwa mtindo maalumu wa mpiganaji mwenyewe. Mchezaji huchagua njia kwa kitufe kimoja na mshale, papo hapo, bila kusimamisha pambano. Pembeni kuna picha ndogo ya mwili inayoonyesha kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, na sehemu inayopigwa hubadilika rangi hadi kuwa nyekundu. Kwa hiyo anayetaka kumaliza kwa kubana mguu lazima aanze kuuharibu mguu mapema, na mpinzani wake anaona kila kitu kinavyopangwa. Wote wawili wanasoma picha ileile. Wanajuana nia.

Halafu kuna kujinasua. Kitufe kimoja ni cha kuzuia ngumi na mateke, kingine cha kuzuia kukamatwa. Mtu ana nukta ya sekunde kukisia lipi linakuja. Akikisia vibaya, anakwenda chini. Kisia kinyume cha mazoea ya mwenzako mara tatu mfululizo, na kibanda kizima kitapiga kelele. Watu wawili wanaocheza pamoja kila jioni hufahamiana kiasi kwamba pambano lao linakuwa mabishano ya kichwani: huyu anajua kwamba yule anajua kwamba ataanza na ngumi. Hapo ndipo utamu wa mieleka ya kwenye gemu ulipo, na picha angavu haiuongezi hata chembe.

Wazee hupenda kusema mieleka ni maigizo. Ni kweli, na wenye biashara hiyo walikiri wenyewe: mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Vince McMahon, ambayo leo ni WWE, iliieleza Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, ili iondokane na udhibiti na kodi za michezo ya ushindani. Mshindi wa ulingoni huamuliwa kabla kengele haijalia. Lakini kwenye PS2 hakuna aliyeamua chochote. Mvulana wa Kibondo anayempeleka Rey Mysterio dhidi ya Big Show anaweza kushinda au kuaibika mbele ya watu, na hakuna mwandishi wa hadithi wa kumwokoa. Gemu hili lilichukua maigizo likayafanya kuwa ushindani wa kweli.

Matoleo yaliyofuata yalikwenda njia nyingine. Yalitaka kufanana na televisheni. Mwaka 2005, toleo la SmackDown! vs. Raw 2006 likaleta kipimo cha pumzi, mpiganaji akachoka na kusimama akihema kama anavyohema kwenye matangazo. WWE 2K16 ikaweka idadi ya mara mtu anazoruhusiwa kujinasua, ili pambano lifuate mwendo wa pambano la TV. Ngozi za wapiganaji zikang'aa kwa jasho, nywele zikapepea, watangazaji wakaongezewa maneno. Lakini kile kisomo cha kukisiana, kile kilichowafanya watu wawili wakodolee macho skrini ileile bila kupepesa, kilizidi kupungua kila mwaka.

Kisha likaja anguko ambalo wasifiaji wa vitu vipya hawapendi kulitaja. WWE 2K20 ilitoka Oktoba 2019, ya kwanza bila mkono wa Yuke's. Nyuso ziliharibika, miili ikapenya kamba za ulingo, mapambano yakakwama katikati. Ilipofika tarehe 1 Januari 2020, gemu likagoma kufunguka kwa sababu kalenda ya mashine imebadilika mwaka, na wachezaji wakalazimika kuirudisha saa nyuma ili wacheze. Gemu lenye 2020 katika jina lake lilishindwa kuingia mwaka 2020. Aprili mwaka huo mpango wa kutoa 2K21 ukafutwa. Siku hiyohiyo ya mwaka mpya, diski ya 2003 iliwaka kama kawaida popote palipokuwa na umeme na lenzi nzima.

Suala la fedha nalo lielezwe sawasawa. Goldberg yumo ndani ya diski ya 2003 pamoja na The Rock, Stone Cold Steve Austin, Kurt Angle na Eddie Guerrero. Katika WWE 2K17, Goldberg huyohuyo akafanywa zawadi ya walioagiza gemu kabla halijatoka. Wengine walitakiwa kumlipia pembeni. Aliyenunua gemu jipya alinunua mlango, halafu akauziwa vyumba kimoja kimoja. WWE 2K24 inahitaji nafasi ya GB 90 kwenye kompyuta, na juu yake kuna masahihisho ya kupakua baada ya kununua. Mtu wa Kasulu anayeishi kwa bando la wiki anajua hesabu hiyo inaishia wapi. Diski ya DVD ya tabaka moja ina kikomo cha GB 4.7, na kila kitu kiko ndani yake.

Hapa mwenye imani ile ya gemu jipya ataruka na kusema: basi umekiri, ni umaskini! La. Jembe halidharauliwi kwa kuwa si trekta, pale shamba linapokuwa mteremkoni. Kifaa hupimwa kwa kazi na mahali. Hadi mwaka 2022, Kasulu na Kibondo zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikiwaka kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO. PlayStation 2 nyembamba haifiki wati 60. PS5 ikicheza gemu zito huvuta wati 200 hivi. Gridi imefika, na ni jambo la kushukuru, lakini haikuibadilisha diski ya 2003 kuwa mbaya. Kama ubora wake ungetokana na uhaba wa umeme, mapambano yake yangepoteza ladha siku nguzo za umeme zilipowasili.

Mizizi ya dharau hii iko mbali na gemu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mkoa wote, pamoja na Kasulu na Kibondo, umebeba jina la mwisho wa reli kana kwamba kila kitu hufika huko kikiwa kimechoka. Waingereza waliigeuza Buha, nchi ya Waha, kuwa chimbuko la manamba. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wakasombwa kwenda mashamba ya mkonge upande wa mashariki, huku kwao kukiachwa bila uwekezaji wa maana. Kutoka hapo ikazaliwa tabia ya kuiangalia Buha kama mahali pa kungojea. Ndiyo sababu mtu akiona kifaa cha zamani Kasulu haulizi kama kinafaa. Anahitimisha tu kwamba kipya bado kiko njiani. Lakini mtu wa London au Tokyo akiitoa PlayStation 2 kabatini, akaifuta vumbi na kucheza gemu hilohilo, anaitwa mpenzi wa gemu za kale, na wapo wanaolipa fedha nzuri kupata nakala halisi. Mashine ni ileile, diski ni ileile. Kilichobadilika ni anwani ya mchezaji, na hilo halivumiliki.

Zaidi ya hapo, gemu hili linampa mchezaji sehemu ya kujitengenezea mpiganaji wake: sura, urefu, mavazi, mapigo, jina. Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kuithamini sehemu hiyo. Kwa miaka mingi, Mganda mashuhuri zaidi katika mieleka ya Marekani alikuwa Kamala, jitu la kutoka Uganda lililotembea peku likiwa na rangi usoni na mkuki mkononi, eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Agosti 1992 alipigana na Undertaker mbele ya umati wa Wembley. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na Uganda yake ilitungwa na wauza tiketi. Ilibidi ifike Aprili 2019 ndipo Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, atwae ubingwa wa WWE, naye pia alikuwa ameanza kwa kutambulishwa kama Mjamaika.

Sasa mlinganishe Kamala na kijana wa Kibondo anayekaa nusu saa akimchonga mpiganaji, akampa jina la babu yake, akamvalisha bukta nyeusi na kumhifadhi kwenye memori kadi ya MB 8. Mpiganaji huyo hana mkuki. Anajua kubana mguu na kuruka kutoka kwenye kamba. Na ndani ya Wilaya ya Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, yenye Wakongo wengi wa Kivu Kusini. Hao wametoka nchi ambako mieleka ya ulingoni, wenyewe huiita kechi, ina mabingwa wake na mashabiki wake mitaani, Kinshasa mpaka Goma, na wanawake wakipanda ulingoni kama wanaume. Anayedhani eneo hili linaiga Marekani kwa kuchelewa hajui jirani zake.

Diski ya 2003 ina doa, na doa hilo lisemwe. Ina pambano la wanawake ambalo mshindi ni anayemvua mwenzake nguo hadi abaki na chupi. Ni aibu ya zama zake, na matoleo ya karibuni, yanayowapa wanawake mapambano makuu sawa na wanaume, yanastahili sifa kwa hilo bila kunung'unika. Mwenye kibanda chenye watoto hana haja ya kuliruhusu. Kuna aina nyingine tele za pambano. Kuhusu diski za kuchoma, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haimung'unyi maneno, na nakala nyingi za vibandani haziko halali. Ila THQ ilifilisika mwishoni mwa 2012, na diski mpya ya gemu hili haiuzwi dukani tena. Asiyeachiwa njia halali ya kununua hawezi kuhubiriwa kwa sauti ileile anayohubiriwa mwizi wa kitu kilichoko rafuni.

Kinachopaswa kuwasumbua watu wa Kasulu na Kibondo ni fundi, na vipuri vyake. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Wingi huo ndio umeziweka hai hadi leo: fundi hunyofoa lenzi kwenye iliyokufa akaipachika kwenye inayohema, hubadilisha raba za pedi, na lenzi ikikataa kabisa hutumia memori kadi iliyowekewa programu ili gemu lisomwe kutoka kwenye flashi. Wenye vibanda wanaotupa mashine mbovu, kwa kuamini kwamba ni takataka za zamani, wanatupa vipuri vya nzima. Wazikusanye, waziweke mbali na vumbi na unyevu wa masika, na wampe fundi kijana mmoja wa kujifunza kazi hiyo, fundi mwenyewe angali yupo.