"Anasema Nini Huyo?": Maoni Kuhusu Filamu Nilizotazama Nyumbani

Mwanafunzi wa fasihi huona haya kukiri kwamba likizo yake imeishia mbele ya runinga. Mimi nakiri. Katika likizo iliyopita nilikaa nyumbani majuma matatu, na takriban kila usiku, baada ya chakula, mimi na mama tulitazama filamu moja, ya zamani au ya hivi karibuni, kadiri nilivyoweza kuzipata. Mama hakubahatika kusoma Kiingereza kupita madarasa ya chini. Kwa hivyo aghalabu filamu zetu zilisindikizwa na swali moja: "Anasema nini huyo?" Makala haya yamezaliwa na swali hilo.

Tulianza na The Lion King ya mwaka 1994 kwa kuwa wajukuu wake walikuwapo. Mama alichangamka kuwasikia Simba, Rafiki na Pumbaa, akadhani kwamba usiku huo hatahitaji mkalimani. Haikuwa hivyo. Kiswahili katika filamu hii kimeishia katika majina na misemo michache, tena majina yenyewe yametolewa kwa pupa. Mwana wa simba ameitwa Simba, kana kwamba mzazi amemwita mwanawe Mtu. Na fisi ameitwa Shenzi, neno ambalo utotoni tulichapwa kwa kulitamka. Ajabu ni kwamba waandalizi walipotaka filamu hiyo isikike kwa lugha ya Kiafrika, waliitia sauti za Kizulu. Sina kinyongo na Wazulu, lakini wanyama hao walikuwa wameazima majina kwetu.

Out of Africa, ya mwaka 1985, ilinichosha zaidi. Ni filamu iliyopata tuzo saba za Oscar, na mandhari yake yanapendeza kweli. Mama aliitambua milima ya Ngong kabla sijamwambia. Kiswahili kimo humo, ila kina kazi maalumu: kuamuru, kuitika na kusalimu. Anayependa hupenda kwa Kiingereza, na anayeomboleza huomboleza kwa Kiingereza. Hata Farah, aliyeigizwa na Malick Bowens kwa utulivu na heshima kubwa, twamkumbuka kwa neno "Msabu" kuliko kwa wazo lolote lake. Filamu inapita saa mbili na nusu, nami nilifasiri mpaka sauti ikaniisha. Kufikia katikati nilikuwa nimeanza kufupisha. "Wanaagana," nikasema. Mama akanitazama. "Maneno yote hayo ni kuagana tu?"

Usiku uliofuata ilikuwa zamu yangu kuaibika. Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga mwaka 2012, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Nilimhakikishia mama kwamba hii ni yetu. Lakini Mwas alipofika jijini, akaibiwa, akatiwa seli na kuanza kuzungumza na vijana wa huko, nilijikuta nikisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo ili niielewe Sheng yao. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anasoma Kiingereza ili aelewe vijana wa Nairobi, kisha anamfasiria mamake! Filamu yenyewe ni hodari, na Joseph Wairimu ameigiza kwa namna ambayo ni vigumu kuisahau. Hata hivyo, maandishi yale hayakuandikwa kwa ajili ya mama. Yaliandikwa kwa ajili ya mtazamaji aliye mbali, naye mtazamaji wa karibu akasahauliwa.

(Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, hatukuimaliza. Mtoto Jo anaugua ugonjwa usiopona, na mama alisema amekwisha kuona ya kutosha ya namna hiyo hospitalini.)

Ndipo binamu yangu alipoleta diski ya filamu ya zamani ya kung fu iliyosimuliwa na DJ Afro. Wasomaji wa jarida hili wanamfahamu, hata wale watakaojifanya hawamfahamu. Ni msimulizi anayeifunika sauti ya filamu ya kigeni kwa sauti yake, akaisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Miaka mingi nilimdharau. Nilisema hatafsiri, anabuni. Huwapachika wahusika majina mapya na huongea mahali ambapo mwongozaji alikusudia kimya. Yote hayo ni kweli. Lakini usiku huo mama hakuniuliza swali hata moja. Alicheka, akamjibu msimulizi kana kwamba yumo sebuleni, akamwonya shujaa asipite njia ile. Asubuhi nilimsikia akimhadithia jirani kisa chote, kwa mpangilio na kwa majina yale yale ya kubandikwa. Katika Out of Africa, niliyoifasiri kwa uaminifu wote, alikuwa amebakiwa na milima tu.

Sisi hufundishwa kwamba fasihi simulizi huhitaji fanani, hadhira na utendaji, na kwamba fanani bora huibadilisha hadithi papo hapo kulingana na hadhira yake. Twayaandika hayo katika mitihani, twapewa alama. Akitokea fanani mwenye kinasa sauti, tunasema huyo ni mhuni wa vibanda vya video. Niliwahi kudokeza kwamba ningependa kuwatafiti wasimulizi hawa, DJ Afro wa kwetu na Lufufu wa Tanzania, nikaulizwa na msomi mmoja ninayemheshimu kama nimekosa riwaya za kusoma. Sikumjibu siku ile. Namjibu sasa: riwaya sikukosa. Nimekosa maelezo ya kwa nini mtu asiyesoma Kiingereza aliikumbuka filamu ya Kichina neno kwa neno, akaisahau ile ya Ngong, iliyo jirani yake.

Sitaki nieleweke kwamba kila filamu ihitaji msimulizi. Tulimalizia na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021 na kuwasilishwa na Tanzania kwa tuzo za Oscar mwaka uliofuata. Nilikuwa na wasiwasi nayo, kwa kuwa riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 naipenda mno, na filamu imelazimika kuacha mengi, hasa ule ucheshi wa msimulizi wa Shafi. Sikuridhika na hilo, na bado sijaridhika. Ila Yasmini na Denge wanapendana kwa Kiswahili, wanaogopa kwa Kiswahili, na siasa ya kumng'oa Mwingereza inapangwa kwa Kiswahili. Kuna maneno ya Unguja ambayo mama, mtu wa bara, hakuwahi kuyasikia. Hakuyauliza, aliyang'amua mwenyewe kutokana na nyuso. Filamu hii ina vimya virefu, na DJ Afro angeviharibu. Mama alivinyamazia. Aliniuliza mara moja tu, palipozungumzwa Kiingereza.

Kabla sijarudi chuoni aliniambia nimtafutie nyingine. Nikamwuliza za namna gani, zile za Zanzibar au zile za kung fu. Alifikiri kidogo, kisha akataka kujua kama yule kijana wa diski amewahi kuisimulia ile ya mama wa Kizungu wa Ngong, maana alihisi kulikuwa na kisa kizuri mle ndani ambacho mimi sikumwambia.