Kusafiri kwa Jina la Jirani

Mwaka 2007, katika kijiji cha Sparta, jimbo la Michigan nchini Marekani, mtu mmoja alikuwa na mazoea ya kuegesha gari lake mbele ya mkahawa wakati wa mapumziko ya mchana, akafungua kompyuta yake na kusoma barua zake kwa waifai ambayo mkahawa ule uliwawekea wateja wake bila ya neno la siri. Askari alipomwendea na kumwuliza alilokuwa akilifanya, alijibu kwa unyofu wote, kwa kuwa hakudhani hata kidogo kwamba lina ubaya. Na mwenye mkahawa naye, habari zilipomfikia, alisema kuwa hakujua kama jambo lile ni kosa. Walakini sheria ya jimbo ililihesabu kuwa ni jinai ambayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Na ingawa mambo yalimalizika kwa faini ya dola 400 na saa 40 za kuutumikia umma, ilibaki ajabu ya shauri lenye mshitakiwa, lenye askari na lenye hukumu, ila halina aliyedhulumiwa.

Nimelitanguliza shauri hili kwa sababu sheria ile iliona kosa mahali ambapo halikuwapo, na kwa hiyo imewapa wengi sababu ya kudhani kwamba kosa halipo popote. Hoja ya watetezi wa mtumiaji ni ya kiufundi, wala si ya kudharauliwa. Ruta isiyofungwa kwa neno la siri hutangaza jina lake hewani mara zipatazo 10 kwa kila sekunde, si ndani ya kuta za mwenyewe tu bali mpaka chumbani kwa jirani na barabarani kwa wapita njia; simu ya mtu ikiomba kuingia, ruta huipokea, huipa anwani ya kutumia, na kuifungulia njia ya kwenda duniani; basi, wasema, ni idhini gani iliyo bayana zaidi ya hii, ya mtu kuitwa, kupokewa na kuongozwa? Jibu ni kwamba aliyeita si mtu. Kifaa kilichotoka kiwandani kikiwa wazi, kama vilivyokuwa vingi katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kinaeleza nia ya kiwanda, ambacho kilitaka mnunuzi asipate taabu ya kukiwasha, wala hakielezi nia ya bibi aliyewekewa na mjukuu wake kando ya televisheni, asiyejua hata kwamba kinafungika. Kutojua si kuridhia, na ukarimu ambao mkarimu mwenyewe hana habari nao ni ukarimu wa kinywani mwa anayeufaidi.

Hata hivyo sijiungi na wale ambao, kwa kuichukia hoja hiyo, hukimbilia kuliita jambo hili wizi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, walizipima manfaa za namna hii kwa insafu kubwa, karne nyingi kabla ya umeme kujulikana. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mlango wa sulhu unamruhusu mtu kuegemea ukuta usio wake, na kuegemeza vyombo vyake, ijapokuwa ukuta wenyewe ni wa mtu baki, maadamu haudhuriki; na waliokisherehesha kitabu hicho wameilinganisha ruhusa hiyo na ya mtu kujimulikia kwa taa ya mwenziwe. Hapana aliyesema kuwa anayesoma barua yake kwa mwanga uliopenya dirishani mwa jirani ameiba mafuta. Kanuni kuu, kwamba mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake, haikuvunjwa hapo. Iliwekewa mpaka, nao ni kwamba manfaa isiyompunguzia mwenyewe kitu wala kumtia taabuni haina haja ya kuombewa ruhusa. Msomaji asiye wa dini hiyo, nadhani, hatapata shida kuikubali mantiki yake.

Je, waifai ni taa? Kwa baadhi ya nyumba yakaribia kuwa hivyo. Mwenye fiba hulipia kasi kwa mwezi, na jirani anayetuma ujumbe mfupi usiku wa manane, wenyewe wakiwa wamelala, hampunguzii hata punje. Nyumba ya pili yake, walakini, hutumia ruta ya laini ya simu inayolishwa bando la kuhesabiwa, na saa moja ya filamu yenye picha safi yaweza kula gigabaiti zipatazo 3, kiasi ambacho kwa watu wengi ni sehemu kubwa ya bando la wiki. Huko taa inakaushwa. Na kwa kuwa jina la waifai linaloonekana katika simu halisemi ni nyumba ya namna gani, jirani aliye nyuma ya ukuta hana njia ya kutambua kama anachokipokea ni mwanga au ni mafuta, na asiyetambua hayo hana haki ya kujihukumia kwa faida yake.

Lakini hata ile fiba isiyopungua haijawa taa kwa kamili yake, na hapa naona kwamba mjadala huu, kwa kushughulika mno na gigabaiti, umepitwa na lililo kubwa kuliko gharama. Anayejimulikia kwa taa ya jirani hafanyi kitu kwa jina la mwenye taa. Anayetumia waifai yake, kinyume chake, kila alipelekalo nje hulipeleka likiwa na anwani ya ruta ile, anwani ambayo kampuni ya intaneti imeiandika katika daftari zake mbele ya jina la mteja na nyumba aishiyo. Na likitoka tusi la kumvunjia mtu heshima, au utapeli wa fedha, au picha ambazo kuzimiliki tu ni jinai, askari watakaofuata athari hizo watafika kwa aliyelipa, wala hawatamfikia aliyetenda. Wala haifai mtu kujitetea kwa wema wa nia yake, kwani simu iliyoingiwa na programu chafu hutuma mambo ambayo mwenye simu hayajui. Kwa hiyo kile kinachochukuliwa hasa ni jina la mtu, na kusimamishwa mdhamini wa watu asiowajua ni mzigo ambao hata ndugu hambebeshi nduguye bila ya kumwendea na kusema naye uso kwa uso.

Wajerumani waliukuta mzigo huu mahakamani. Mtu mmoja alikuwa likizo, mbali na kwake, wakati wimbo ulipogawiwa kinyume cha haki za mtunzi kupitia waifai ya nyumbani mwake ambayo hakuifunga ipasavyo. Na Mahakama Kuu ya Shirikisho, tarehe 12 Mei 2010, iliamua kwamba ingawa halazimiki kulipa fidia kama mtenda kosa, anaweza kubebeshwa gharama za barua ya onyo, ambazo sheria ya wakati ule iliziwekea kikomo cha yuro 100. Hofu ya uamuzi huo iliwafanya wenye mikahawa na hoteli wasite kuwapa wageni wao mtandao ulio wazi, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2017 na kuwaondolea dhima hiyo. Naona mahakama ilipatia ilipotambua kuwa jina la mwenye nyumba ndilo liumialo, na ilikosea ilipomtwisha taksiri yule yule aliyeumizwa. Na ili tusidhani kuwa upande wa mtumiaji ulikuwa mwepesi kuhukumiwa, mji wa Wuppertal wa nchi hiyo hiyo ulitoa hukumu mbili zisizopatana: mwaka 2007 mahakama ya chini ilimtia hatiani mtu aliyetumia waifai iliyo wazi, na mwaka 2010, katika shauri jingine, mahakama iliyo juu yake ikasema kwamba jambo hilo si jinai.

Kwetu nako sheria hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, inapotaja kosa la kuingia bila ruhusa, inataka pawe na kinga ya usalama iliyovunjwa, na mtandao usio na neno la siri hauna kinga ya kuvunjwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haiweki sharti hilo, bali inamkataza mtu kuuingia mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Basi aliyeketi Lungalunga ana hoja nzuri ya kujitetea, na akivuka mpaka akafika Horohoro, simu ikiwa ile ile mkononi, hoja yake imepungua nguvu njiani. Ningechagua ile ya Kenya, si kwa kuwa tendo lenyewe ni jema, bali kwa kuwa jela si mahali pa kufundishia watu ujirani, na yaliyotokea Sparta yanatosha kuonyesha sheria huwa na sura gani inapomtetea mtu asiyelalamika.

Yapo pia majina yanayotolewa kwa hiari, nayo yasichanganywe na yaliyosahauliwa wazi. Bruce Schneier, bingwa wa usalama wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 2008 kwamba huuacha mtandao wa nyumbani kwake bila ya kufuli kwa makusudi, akiuhesabu kuwa ni jamala kwa mgeni. Naye ni mtu ajuaye fika hatari anayoikubali, na jirani wa mtu kama huyo aweza kutumia kwa moyo mkunjufu. Tatizo ni kwamba kwa nje ruta ya Schneier na ile ya bibi zinafanana, na hapana chombo kitakachozipambanua isipokuwa kupiga hodi. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini katika maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh mtu hulijua jina la waifai ya mlango wa pili miezi kadhaa kabla ya kumjua aliye ndani, na anayeona haya kumwambia jirani, "Samahani, ruta yako iko wazi," haoni haya kuitumia. Jirani akikataa, atakuwa angalau amejua kwamba nyumba yake inavuja; na akikubali, atakuwa amekubali akiwa na habari ya alitoalo.

Linabaki swali la kampuni, kwani mikataba mingi ya fiba humwuzia mtu kwa matumizi ya nyumba moja, na kwa herufi zake idhini ya jirani haitoshi. Hapa sina huruma nyingi na kampuni. Iliyouza kasi ya megabiti 20 kwa sekunde imelipwa kasi hiyo, na haipungukiwi ikimalizwa na watoto wa nyumba moja au wa mbili. Ina haki ya kulalamika pale jirani anapoanza kuwatoza wenziwe kwa faida na kujifanya kampuni ndani ya kampuni. Kati ya kuchangiana na kuuza mpaka haujachorwa barabara, na majengo mengi ya miji yetu yaishi hapo katikati: wapangaji watatu huchanga kila mwisho wa mwezi, ruta huwekwa kwa aliye chumba cha kati, na risiti huandikwa jina la mmoja wao, ambaye kwa mujibu wa mkataba ndiye peke yake atakayeulizwa kwa yote yatakayotoka.