Bango la kijiji kwanza, sanamu baadaye

Ukitoka Sake ukipanda kuelekea Masisi, kitu unachosoma sana njiani ni mabango ya miradi. Maji: ufadhili wa fulani. Madarasa: ufadhili wa fulani. Mradi ulishakwisha, bomba limekauka, lakini logo ingali inaonekana. Fasi ya kusoma jina la mutu wa kijiji, aliyezaliwa pale na kufia pale, hakuna.

Njo maana vijana wengi wanatuambia: na sisi tusimamishe sanamu kubwa Masisi na Walikale, sawa ile ya chukudu pale Goma. Tunaelewa hamu hiyo. Lakini wandugu, chukudu haina kabila. Kila mutu amesukuma moja, ama amekula viazi vilivyoletwa nayo. Wafu wetu si rahisi hivyo.

Tuchukue Ntoto. Vita ya 1993 iliwakia kule Walikale, kwenye soko la Ntoto, mwezi wa tatu, kisha ikapanda Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi: kila upande uko na orodha yake ya wafu. Ukichora orodha moja tu ukutani, hujachora kumbukumbu, umechora kisasi. Heri ukuta ubaki mweupe mpaka orodha zote zifike.

Luvungi ni jambo lingine. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na 2 mwezi wa nane 2010, pale na katika vijiji jirani, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Mwaka wa 2020 korti ya kijeshi ya Goma ilimuhukumu Sheka kifungo cha maisha. Kule hatutaki jina hata moja kwenye bango, wala sura ya mwanamke analia. Wale mama wangali wanaenda shamba na soko. Wako na wajukuu sasa. Wao ndio watasema kama wanataka kitu kisimame pale. Wakisema hapana, ni hapana, na msanii arudishe rangi zake nyumbani.

Halafu kuko swali la usalama. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwaka wa 2024. Walikale-centre nayo ilichukuliwa mwezi wa tatu 2025, wakatoka mwezi uliofuata. Sanamu ya sima haiwezi kukimbia. Anayeingia anaipaka rangi yake, ama anauliza nani aliijenga, na hapo kijana mmoja anatafutwa usiku. Kwa hiyo tunapendekeza vitu vidogo: picha zilizochorwa kwenye bashi na kufungwa juu ya miti ya eucalyptus, zinatandikwa siku ya soko, jioni zinakunjwa. Mama akikimbia na watoto, hata bashi inamufaa kwa kulala.

Msanii asiweke sahihi. Logo isionekane, hata yetu (tunajua kuko wenzetu watakaonuna). Maandishi yawe kwa lugha inayosomwa sokoni, si Kifaransa cha ofisini.

Tuanze Ntoto, na bashi tupu. Wenzetu wa Walikale waende kwanza bila rangi, wakae na wazee, na wauza chumvi, na wale waliohamia Goma tangu 1993 nao waulizwe. Tukipata jina la kwanza kutoka kila upande, tutanunua brosi.