Katibu wa michezo naye apewe cheti

Ndugu Mhariri,



Nikiwa chuo cha ualimu nilikuwa katibu wa michezo. Nilichora duara la kati kwa kamba ya mita 9.15, nikapanga ratiba, nikatunza mipira na kutafuta usafiri wa timu. Ujuzi huo ndio ninaoendeshea UMITASHUMTA katani. Lakini nilipoomba nafasi ya ofisa michezo niliulizwa cheti; sikuwa nacho.

Mwaka 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027. Mashindano hayaendeshwi na wachezaji peke yao. Nashauri vyuo viwape makatibu hawa vyeti, na wanaofaa wapelekwe Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.