Udongo wa Milima Yetu na Elimu ya Makaa ya Shamba

Mvua kubwa inyeshapo katika milima ya Mumirwa, mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha huteremka Bujumbura ikiwa na rangi ya matofali. Rangi hiyo ni mashamba ya watu. Ni ule udongo wa juu, wenye rutuba, ambao jana ulibeba maharagwe na mihogo ya raia, na leo unakwenda kutuama katika Ziwa Tanganyika. Katika uchunguzi wake wa mwaka 2017, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Burundi hupoteza karibu tani milioni 38 za udongo kila mwaka.

Huenda baadhi yetu tuvaao sare tukauliza: jambo hili latuhusu nini, ilhali lina wizara yake na wataalamu wake? Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji ya milimani yalifurika katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Gatunguru ikiwa mojawapo, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Katika maafa ya namna hiyo sare ndizo huitwa kwanza. Na polisi yeyote aliyefanya kazi katika komini za vijijini anajua jinsi mafaili ya ugomvi wa mipaka yanavyorundikana: ndugu na ndugu, mjane na shemeji, mkimbizi aliyerudi na yule aliyemkuta ameketi. Nchi ina kilomita za mraba 27,834. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8, nayo ya mwaka 2024 ikapata zaidi ya milioni 12. Shamba la jamaa moja, kwa wastani, ni kama nusu hekta. Hatuna njia ya kuipanua ardhi hiyo. Tunaloweza ni kuirudishia nguvu, na kila msimu tunaochelewa huongeza faili jingine kituoni.

Tuutazame ugonjwa kabla ya dawa. Sehemu kubwa ya udongo wa nyanda za juu, hasa Mugamba na Bututsi, ina asidi nyingi. Udongo ukifikia hali hiyo, alumini iliyomo huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mzizi hufupika, ukashindwa kuyafikia maji na chakula. Fosforasi nayo hushikwa na udongo, hata mbolea iliyonunuliwa kwa taabu ikabaki imefungwa pale pale ilipomwagwa. Raia husema shamba limechoka, na husema kweli. Taasisi ya ISABU, iliyoundwa mwaka 1962 na yenye kituo cha nyanda za juu huko Gisozi, imeyachunguza mambo haya kwa miaka mingi, na dawa zinajulikana: chokaa, samadi, mbolea kwa kipimo, na mitaro ya kukinga mmomonyoko yenye majani ya malisho kandokando. Tangu mwaka 2012 upo mpango wa taifa wa ruzuku ya mbolea, na tangu mwaka 2019 kiwanda cha FOMI hutengeneza humu humu nchini mbolea inayochanganya vitu vya asili na madini. Hayo yote ni mema. Lakini mbolea yataka fedha, tena fedha iliyolipwa mapema, na ikichelewa kufika msimu haungoji.

Hapo ndipo inapoingia habari ya makaa ya shamba, ambayo wataalamu huyaita bayocha. Haya ni makaa yapatikanayo kwa kuchoma mabaki ya mimea katika hewa haba. Moto ulioachwa wazi hula kila kitu ukabakiza majivu. Majivu yana faida, kwa kuwa hupunguza asidi, ila mvua chache huyaondoa. Makaa hubaki. Ndani yake mna vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo maji na chakula cha mmea hushikiliwa, na vijidudu vya udongo hupata makao. Katika bonde la mto Amazon, huko Brazili, upo udongo mweusi uliofanyizwa na wenyeji wa kale kwa makaa, mifupa na taka za jikoni, na baada ya karne nyingi bado una rutuba kuliko ule unaouzunguka.

Jirani na kwetu, magharibi ya Kenya, watafiti walitia makaa katika mashamba yaliyolimwa tangu zamani hadi rutuba ikaisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba pale palipochakaa zaidi mahindi yaliongezeka karibu mara mbili. Mwaka 2017 wataalamu waliokusanya majaribio mengi ya dunia walikuta kwamba katika nchi za joto mavuno huongezeka kwa wastani wa asilimia 25 hivi, ilhali katika nchi za baridi faida haionekani. Sababu kubwa ni ile ile ya asidi na uhaba wa rutuba: mashamba ya Ulaya hayaugui ugonjwa huu kwa kiasi hiki.

Sasa tuseme lile ambalo katika semina hupitwa haraka. Katika Burundi, makaa maana yake ni mti uliokatwa. Magunia yateremkayo kutoka Bugarama hadi Bujumbura yalikuwa mikaratusi. Mwalimu akimwambia raia kwamba makaa ni mbolea, asiongeze neno, raia atakata mti, kilima kitavuliwa nguo, na mmomonyoko tuliotaka kuupiga vita utafunguliwa njia. Kwa hiyo makaa ya shamba sharti yatoke katika mabaki yasiyo na kazi: maganda ya mpunga huko Gihanga na uwanda wote wa Imbo, maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi, mabaki ya michikichi huko Rumonge, na ule unga wa makaa unaobaki chini ya gunia wauzaji wakautupa. Majani yanayoliwa na ng'ombe, au yanayotandazwa chini ya kahawa na migomba, yasichomwe. Hayo yana kazi yake tayari.

Kuyatengeneza si kazi ngumu. Huchimbwa shimo mfano wa faneli, mbali na nyumba na nyasi kavu, moto ukawashwa chini, na mabaki yakaongezwa tabaka kwa tabaka kila yale ya juu yanapoanza kufunikwa na majivu meupe. Mwishoni huzimwa kwa maji mengi. Maganda ya mpunga hurundikwa kuzunguka debe lililotobolewa matundu, lenye moto ndani, yakaungua polepole bila miali. Ugumu uko baadaye. Makaa matupu ni ghala tupu: yakiingia shambani huanza kujijaza yenyewe, yakainyang'anya mimea nitrojeni, na msimu wa kwanza raia huona mahindi ya manjano. Aliyeona hivyo mara moja hatamsikiliza mwalimu tena, na hatumlaumu. Yapasa yachanganywe kwanza na samadi, mkojo wa mifugo au mboji, yakae wiki kadhaa kabla ya kufukiwa.

Halafu kuna hesabu. Majaribio mengi hutumia tani 10 kwa hekta, yaani kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Mabaki makavu hutoa makaa kama robo ya uzito wake. Basi ari moja, mita 10 kwa 10, yataka kilo 100 za makaa na kilo 400 za mabaki. Kwa nusu hekta ni tani 20 za mabaki, na jamaa ya mlimani haina mahali pa kuzipata. Anayeahidi kugeuza shamba zima kwa msimu mmoja anawapotosha watu. Lakini makaa hayaozi upesi, na anayetia ari moja kila msimu hapotezi ile ya mwaka jana. Huko Mkushi, nchini Zambia, yalitiwa ndani ya mashimo ya kupandia tu, na tani 4 kwa hekta zikatosha kuonyesha faida katika udongo wa mchanga wenye asidi.

Kuhusu vijidudu, tuna maneno mawili. Wapo bakteria wanaoishi katika mizizi ya maharagwe, soya na karanga, wakavuta nitrojeni kutoka hewani. Hao ni kweli. Ng'oa soya inayotoa maua, pasua kinundu cha mzizi: kikiwa chekundu ndani, wako kazini, kikiwa cheupe au kijivu, hawafanyi kitu. Mbegu ya bakteria hao hutengenezwa nchini Kenya na kwingineko, ila hufa kwa jua, na udongo wenye asidi kali huwadhoofisha, ndiyo maana chokaa na makaa huwatangulia. Na wapo vijidudu vya chupa, mchanganyiko ulioenezwa tangu miaka ya 1980 na Profesa Teruo Higa wa Okinawa, Japani, kisha ukaigwa na wengi. Majaribio ya shambani ya Uswisi yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuona faida ya vijidudu vyenyewe. Faida ilitoka katika vyakula vilivyochanganywa navyo. Hatumshauri raia wala askari atoe faranga kwa chupa hiyo, maadamu samadi iliyooza vizuri ina vijidudu visivyohesabika.

Elimu hii hupita vizuri zaidi kwa jirani kuliko kwa kipaza sauti. Nchi yetu imekwisha kuliona hilo katika ule Mpango Jumla wa Mkulima, ulioanza miaka ya 2010 kwa msaada wa Uholanzi: jamaa huchora shamba lao lilivyo leo na watakavyo liwe, na waliotangulia huwafundisha wenzao. Askari wengi wana shamba kilimani, na waliolinunua kwa fedha za kazi ya Somalia si wachache. Majiko ya kambi yapikayo kwa kuni hubakiza makaa kila siku, yakaachwa yawe majivu; yangezimwa kwa maji yangetosha bustani ya kambi. Na zile asubuhi za Jumamosi za kazi za umma zina umuhimu wake hapa, kwa kuwa makaa ni mepesi kuliko udongo: shamba la mteremko lisilo na mitaro litayapeleka ziwani kabla ya kitu kingine chochote. Mtaro kwanza, makaa baadaye.

Mpunga wa Imbo ukishavunwa maganda hupatikana, na kiangazi ndiyo majira ya kuyachoma, ili mchanganyiko uwe tayari msimu wa A uanzapo Septemba. Mwenye nia apime ari mbili zinazofanana, moja ya samadi peke yake, nyingine ya samadi na makaa, mbegu moja, siku moja, kisha mavuno yapimwe kwa mizani majirani wakitazama. Na yapimwe tena msimu wa B, kwa kuwa msimu mmoja hautoshi kuhukumu.