Mafahali Wawili Hukaa Zizi Moja



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana darasani na njiani, nalo ni kupigana. Wenzangu wengi wanataka kujifunza karate na kung fu. Baadhi ya walimu na wazazi wanakataa, wakisema kwamba kumfundisha kijana kupigana ni kutia kuni motoni. Mimi naona kila upande una haki kwa sehemu, na kwamba yuko mwalimu wa tatu ambaye hatujamsikiliza. Mwalimu huyo ni mnyama.

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Nawaheshimu wahenga, lakini nimechunga ng'ombe tangu utoto wangu, na katika zizi la babu yangu hapa Kiloleli mafahali wawili wamekaa pamoja kwa miaka mingi. Hebu niwaeleze ilivyokuwa.

Siku ile fahali mgeni alipoletwa, mimi na ndugu zangu tulipanda juu ya kichuguu ili tuone damu. Tulingoja sana. Kwanza kila mmoja alimgeuzia mwenzake ubavu, shingo ameivimbisha na kichwa amekiinamisha, akatembea polepole kama mtu anayeonyesha kanzu mpya siku ya sikukuu. Kisha wakakwangua ardhi kwa kwato, wakajirushia vumbi mgongoni, wakanguruma. Hayo yalichukua muda mrefu kuliko pigano lenyewe. Mwisho wakagonganisha vichwa, wakasukumana pembe kwa pembe, miguu ya nyuma ikichimba udongo. Mgeni alisukumwa hatua kumi hivi, akajitoa, akageuka, akaenda zake. Fahali wetu akamfuata hatua chache tu, akasimama.

Nikamwuliza babu, "Mbona hakumchoma pembe ubavuni, na ubavu ulikuwa wazi?"

Babu akanijibu, "Mjukuu wangu, yeye alitaka njia. Hakutaka mzoga."

Tangu siku hiyo, wakifika lambo, fahali wetu hunywa kwanza na mgeni hungoja. Hawajapigana tena kwa ukali. Kila mmoja anajua nguvu za mwenzake, na zizi lina amani.

Laiti ningalilishika neno lile la babu! Nilipokuwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, tulikuwa vijana wanne tuliokuwa tukienda kutazama sinema za kung fu katika kibanda cha video. Siku moja tuligombana na kijana mmoja kwa ajili ya mpira wa miguu. Sisi tulikuwa wanne, yeye alikuwa peke yake. Alianguka, akainua mkono wa kulia kuomba basi. Mimi nikampiga teke mkono ule ule, kama nilivyoona katika sinema. Mfupa ulivunjika. Hakufanya mtihani wa muhula ule, na baba yangu aliuza mtamba ili kulipa matibabu. Hata leo, tunaposalimiana njiani, mkono wake huinuka nusu tu. Amenisamehe, lakini mimi nauona mkono ule kila mara. Ndiyo sababu naandika.

Basi, je, karate ndiyo yenye makosa? Nimejaribu kusoma habari zake, na nimeona kwamba sisi wa kibanda cha video tulichukua gamba tukaacha kiini. Tangu zamani binadamu amekuwa mwanafunzi wa mnyama. Huko China, tabibu mashuhuri Hua Tuo, aliyekufa yapata mwaka 208, anasifiwa kwa kufundisha mazoezi ya wanyama watano, yaani chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Shabaha yake ilikuwa afya ya mwili, si vita. Katika jimbo la Fujian iko hadithi ya mwanamke aliyeitwa Fang Qiniang, ambaye alitaka kumfukuza korongo kwa fimbo. Kila alipopiga, korongo alijiepusha au aliiondoa fimbo kwa bawa, wala hakurudisha pigo bure. Mwanamke yule akakaa kumtazama, akatunga namna ya kupigana iitwayo Korongo Mweupe. Hadithi ni hadithi, lakini mafunzo ya jina hilo yako hata leo.

Kutoka Fujian mafunzo yalivuka bahari. Katika karne ya 19 Higaonna Kanryo wa kisiwa cha Okinawa alikwenda Fuzhou kujifunza, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye aliyeanzisha karate ya Goju-ryu, jina lenye maana ya ugumu na ulaini pamoja. Naye Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate katika miji mikubwa ya Japani, alifundisha kwamba mtu wa karate haanzi kupiga. Mafunzo huanza kwa kuinamiana kwa heshima na kwisha vivyo hivyo. Katika judo, anayeshindwa hupiga sakafu kwa kiganja, na mwenzake sharti amwachie papo hapo. Nawauliza wenzangu: ni nani kati yetu aliyeiga kuinama kule? Sote tuliiga teke.

Tena hatuna haja ya kwenda China kutafuta korongo. Mkoa wetu wa Simiyu umepakana na Serengeti, na huko ziko shule nyingi za namna hii. Nyumbu madume, wakati wa kugombea majike, hupiga magoti wakagonganisha pembe uso kwa uso. Twiga, ambaye ni mnyama wa taifa letu, ana silaha mbili. Simba akimjia, humpiga kwa kwato, na teke lake laweza kumwua simba. Lakini dume kwa dume hawatumii mateke hayo. Husimama bega kwa bega, wakapigana kwa shingo na vichwa mpaka mmoja akubali kuondoka. Mara chache huumizana vibaya, lakini silaha ya simba imewekwa kwa ajili ya simba.

Hata koboko, nyoka anayetutisha kuliko wote, anayo adabu hii. Wachungaji wakiona koboko wawili wamesokotana, husema wanajamiiana. Mara nyingi wale ni madume wawili wanaoshindana mieleka, kila mmoja akijaribu kukilaza chini kichwa cha mwenzake. Sumu iko kinywani tayari, lakini hawaumani. Aliyeshindwa huteleza akaenda zake.

Pengine msomaji atafikiri kwamba nasema wanyama wana huruma kuliko sisi. Sisemi hivyo. Mwaka 1973 wataalamu wawili, John Maynard Smith na George Price, walieleza jambo hili kwa hesabu katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Walionyesha kwamba mnyama apiganaye kufa na kupona kila siku atakutana na wengine wa namna yake, naye ataumia, na jeraha moja laweza kumnyima chakula na watoto. Yule anayejaribu nguvu kwanza, akarudi nyuma anapozidiwa, huishi siku nyingi. Kwa hiyo kiasi katika kupigana hakitoki katika moyo mwema. Kimetokana na hatari iliyo sawa kwa pande zote mbili.

Na hatari ikiwa ya upande mmoja tu, mambo huwaje? Jibu lilionekana hapa hapa Tanzania, katika msitu wa Gombe mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Baadaye jamii moja ya sokwe iligawanyika mara mbili, wale wa Kasakela na wale wa Kahama. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa Kasakela waliwavizia wa Kahama mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, wakamkuta mwenzao wa zamani yu peke yake, wakamshika na kumpiga mpaka akawa hajiwezi. Katika miaka ile minne madume wote wa Kahama waliuawa au walitoweka, na jamii yao ikaisha.

Niliposoma habari hii nilifunga kitabu. Niliuona ule uwanja wa mpira, na sisi wanne tumemzunguka mmoja. Hesabu ni ile ile. Fahali hakumchoma mwenzake kwa kuwa naye angeweza kuchomwa. Lakini wengi wakimwendea mmoja, hakuna anayeogopa kuumia, na hapo hata ishara ya kuomba basi haionekani. Sokwe ndiye mnyama aliye karibu nasi kuliko wengine. Yatupasa tuliogope jambo hili ndani yetu kuliko tunavyomwogopa koboko kichakani.

Hii ndiyo hoja yangu. Ubaya mkubwa hautoki kwa kijana anayejua kupigana, bali kwa kundi lisilo na kanuni. Naye kijana asiyejifunza kanuni kwa mwalimu atajifunza teke katika simu na katika kibanda cha video, ambako hakuna wa kumwambia, "Simama, mwenzako amekubali."

Wazee wetu wa Usukuma walilijua hili zamani. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja na manju wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Watu hutambiana kwa nyimbo kali, mashabiki huhama upande huu kwenda ule, na jua likizama mshindi amejulikana. Ushindani ule ni mkali, lakini una uwanja wake, kanuni zake, na mwisho wake, kama wa mafahali wa babu.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, nikiomba yafikiriwe bila hasira.

Kwanza, kwa walimu wetu. Yafaa shule iwe na kikundi cha judo au karate, chini ya mwalimu aliyehitimu, uwanjani mchana mbele ya watu wote, wavulana kwa wasichana. Wasichana hasa, maana wengi hutembea peke yao asubuhi na jioni, na twiga asiye na teke ni chakula cha simba. Mwanafunzi atakayetumia mafunzo hayo kuonea mwenziwe aondolewe kikundini siku hiyo hiyo.

Pili, kwa wazazi. Mtoto akirudi nyumbani amepigwa, wengine humwuliza, "Na wewe ulimrudishia?" Akisema hapana, hupigwa tena. Nawasihi muulize maswali mengine: "Mlikuwa wangapi kwa wangapi? Nani alisema basi, na nani hakusikia?" Majibu yake yatawaonyesha kama ulikuwa ugomvi wa watoto au uonevu.

Tatu, kwa wanafunzi wenzangu. Ukiona mmoja amezungukwa na wengi, usiwe wa tano, wala usisimame kichuguuni kutazama damu kama tulivyotaka sisi. Wengine mwiteni mwalimu, na wengine mkasimame upande wa yule mmoja, ili hesabu ibadilike. Na mwenzako akiinua mkono, mkono ule ndio mwisho wa pigano. Aliyeuona akaendelea kupiga hakushinda.

Najua wengine watajibu kwamba chombo chochote chaweza kutumiwa vibaya, na kwamba kijana akishajua kumwangusha mtu atatafuta wa kumwangusha. Hofu hiyo si ya bure, nami ni ushahidi wake. Lakini mimi siku ile sikuwa najua kupigana. Nilijua teke moja tu la sinema, na sikuwa na mwalimu hata mmoja. Kama ningalifundishwa kwanza kupigwa, kuanguka, na kupiga sakafu kwa kiganja nikaachiwa, naamini ningaliujua ule mkono ulioinuliwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa babu. Amezeeka, na fahali wetu naye amezeeka pia. Sasa mgeni ndiye anywaye kwanza lambo, na mzee hungoja. Walipobadilishana nafasi hatukuona. Babu anasema walisukumana kidogo asubuhi moja, wakaelewana. Wote wawili wangali hai, na wote wawili hulala zizi moja.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne