Ripoti kasoro zote, hata ya vumbi

Wadau, nimechoka na huu ushauri wa "peleka kasoro kubwa tu, ndogo wataona unawasumbua".

Binamu yangu alinunua gari jipya la watalii, lile la paa la kuinuka, la kuingia mbuga ya Ziwa Nakuru. Wiki ya kwanza tu, vumbi likapenya mlango wa nyuma. Mpira haukukaa sawa. Akanyamaza. Akaripoti taa ya injini peke yake. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yakafuata njia ileile ya vumbi mpaka kwenye nyaya. Kurudi na waranti yake, anaulizwa: mbona hukusema mapema?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mtumiaji akinichujia kasoro, mara nyingi hunificha ileile ninayoitafuta. Kuamua ipi ni ndogo ni kazi yangu, si yake!

Breki na tairi zilizolika kwa matumizi, sawa, lipa mwenyewe. Mengine yote andika: tarehe, kilomita, picha. Na usiondoke bila nakala yenye muhuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Haikusema "isipokuwa mpira wa mlango".

Binamu ameshamlipa fundi mwenyewe. Taa za nyuma bado zinawaka zikitaka.